Barua kwa Mzazi wa Mbambu

Nyinyi wa meza ya chai mmeniuliza mara tatu safari ilikuwaje, na mara tatu nimewajibu, "Salama tu," nikachovya mkate. Nilidanganya. Mmoja wenu amesema nimekonda, mwingine amesema labda nilikwenda kutafuta shamba Uganda na nawaficha. Sikwenda kutafuta shamba. Nilikwenda kuuliza kama mtoto fulani yu hai. Naandika kwa sababu nikianza kulisema jambo hili kwa mdomo nitalia, kengele itagongwa, nanyi mtakwenda madarasani mniache na kikombe.

Mnajua kwamba mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji upande wa Kasese, na mimi nikafundisha fasihi ya Kiingereza miaka mitatu katika shule ya wasichana ng'ambo ya mto Nyamwamba. Msichojua ni hiki. Kidato cha tatu nilikuwa na wasichana wawili wenye jina Mbambu. Mmoja alikaa mbele, mpole, mwenye hati nzuri, nikamwita Mbambu wa Mbele. Mwenzake alikaa karibu na dirisha, macho nje, mdomo mwepesi, nikamwita Mbambu wa Dirishani. Sikujisumbua zaidi ya hapo.

Muhula mmoja tulisoma shairi la kale la Kiingereza, la mtu anayevuka mto na kufika ng'ambo akiwa mpya. Nikawapa swali: maji yana maana gani katika shairi hili? Jibu lilikuwa kwenye notisi zangu nilizozibeba tangu chuoni. Maji ni kutakaswa, na ni uhai mpya. Vitabu vya Waingereza wa kale vimejaa maji ya namna hiyo. Mwenye dhambi anatumbukia anatoka mweupe, bahari inawarudisha waliopotea, na hata mtu akizama huzama vizuri, na maua juu. Niliyapenda maji hayo, na niliyafundisha kwa moyo wangu wote.

Mbambu wa Dirishani aliandika kwamba maji hayana maana yoyote. Maji yakija yanabeba mbuzi, yanabeba mtu, na anayesema yanasafisha hajawahi kuchota tope ndani ya nyumba yake. Kisha akaandika, "Yalimbeba Kabugho." Nikapiga mstari chini ya jina hilo, nikaandika kwa wino mwekundu: Huyu ni nani? Nje ya mada. Nikampa sifuri kwa ishirini. Nilipomwambia aandike masahihisho alisimama akasema, "Madamu, siwezi kuandika uongo." Darasa zima lilisikia. Nikamfukuza aende nyumbani akiacha daftari lake, na kwa kalamu ileile nyekundu nikaandika barua: Mzazi wa Mbambu, kidato cha tatu, ufike shuleni Jumatano saa tatu asubuhi bila kukosa. Kwa hasira sikuandika hata jina la ubatizo.

Mbambu wa Dirishani alikuwa wa bweni. Nyumba yao ilikuwa kando kabisa ya mto, na mimi ndiye niliyemtoa bwenini na kumpeleka huko. Jumatano hiyo Nyamwamba ilifurika.

Shule ilijaa tope ikafungwa. Mkataba wa mzee ulikuwa umekwisha, tukafunga mizigo. Asubuhi ya kuondoka, mama aliyetuuzia maziwa aliniambia, "Madamu, maji ilibeba mutu ya kina Mbambu." Sikuuliza ni mtu gani. Nilipanda gari nikafunga kioo. Nimekaa na jambo hilo miaka mitano, hadi likizo hii nilipokuwa napanga stoo na lile daftari likaanguka kutoka kwenye kreti ya vitabu. Nilikaa juu ya gunia la mahindi nikalisoma. Mzee akaniambia yaliyopita si ndwele. Nikamwambia ndwele ninayo mimi, na nikatafuta begi.

Kitale hadi Kampala

Kipande hiki hakina mengi. Malaba tulikaa saa nne kwa sababu abiria mmoja alikuwa amekwenda kununua sukari na kondakta hakutaka kumwacha, maana alikuwa shemeji yake. Nilikula chapati iliyokunjwa na mayai, nikalaumu tumbo langu kwa kuwa na njaa siku kama ile. Kampala tulifika nikiwa na miguu iliyovimba. Nililala kwenye chumba cha karibu na kituo cha basi, daftari chini ya mto wa kitanda.

Kampala hadi Kasese

Basi lilitoka saa moja asubuhi na likatuharibikia baada ya Kyenjojo, katikati ya mashamba ya chai. Mkanda wa injini ulikuwa umekatika. Dereva alisema dakika ishirini. Tulikaa hadi saa tisa alasiri, na mvua ikaja ikatukuta hapo hapo.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa Nyakalengija, mmoja wa wale wabebaji wanaopandisha mizigo ya wageni mlimani. Alikuwa ametoka Kampala kumwona daktari wa magoti. Aliniuliza kazi yangu. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwa mkato kwamba miaka mingi nimefundisha mambo ya maji.

"Wewe iko mutu ya bomba?" akauliza, akakaa vizuri. "Bomba itafika kwetu lini? Walikuja wakapima, wakaweka vijiti. Ng'ombe ilikula vijiti."

Nikamweleza kwamba si maji ya bomba. Ni maji yaliyomo vitabuni, yale ambayo mwandishi anayataja akiwa na maana ya kitu kingine.

Mzee alisugua goti. "Kama anataka kusema kitu ingine," akasema, "kwa nini hasemi hiyo kitu?"

Mnanijua. Siku nyingine ningemkalisha chini nimfundishe kuanzia A. Siku ile nilifungua tu mfuko wa gonja, ndizi za kuchoma tulizonunua Mubende, nikampa moja. Aliniambia barafu ya mlimani imepungua tangu ujana wake, kwamba njia aliyopita na wageni wa kwanza sasa ni mawe matupu, na kwamba maji yote ya kule chini yanatoka huko juu, yanashuka bila kumuuliza mtu. Alisema mto ulipofurika alikuwa mlimani, na aliposhuka alipanga foleni pamoja na wengine kutambua waliookotwa. Hakusema alimtambua nani. Nilitaka kumuuliza kama aliona msichana wa miaka kumi na sita. Nilishindwa.

Kasese

Asubuhi nilikula katogo kwenye kibanda, ndizi na matumbo, nikamaliza sahani nzima kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikatapika. Mwenye kibanda aliniletea maji ya kunawa akanipa pole. Alidhani ni mimba, akatazama mvi zangu, akanyamaza.

Shule haipo. Yaani ipo, imehamishwa upande wa juu, lakini ile yangu imebaki kuta mbili na mawe. Mto umeyaacha mawe makubwa kama vibanda vya soko mahali lilipokuwa bweni dogo, na katikati ya darasa langu umeota mpapai. Nyamwamba yenyewe siku hiyo ilikuwa nyembamba. Kina mama walikuwa wanafua nguo humo.

Mlinzi wa shule mpya alikuwa mtu wa makamo aitwaye Thembo, aliyeajiriwa baada ya mafuriko. Nikamwambia namtafuta msichana aliyesoma pale, Mbambu.

"Mbambu gani?"

"Mbambu aliyekaa karibu na dirisha," nikasema, na nikasikia mwenyewe ujinga wa maneno yangu.

Thembo alicheka kidogo kwa adabu. "Madamu, Mbambu ni musichana ya ine. Ya kwanza ni Masika, ya pili Biira, ya tatu Kabugho, halafu Mbambu. Kila nyumba ya wasichana wane iko na Mbambu. Ni kama wewe unatafuta mutoto anaitwa Wa Nne."

Niliegemea lango. Miaka mitatu niliita majina asubuhi, Masika wawili, Biira watatu, na siku hata moja sikuuliza kwa nini yanajirudia. Nilidhani ni ukosefu wa majina. Na Kabugho ni wa tatu. Kumbe msichana aliniandikia kwa Kiingereza safi kwamba maji yalimbeba dada yake, yule aliyemtangulia kuzaliwa, na mimi nikamwandikia kwamba yuko nje ya mada.

"Anakuwa mgonjwa?" Thembo aliuliza mtu aliyekuwa akipita, akinionyesha mimi. Akaniletea kiti. Alipoona siondoki akaingia ofisini kumuuliza karani, akarudi. "Wote wawili waliacha shule ile mwaka ya maji. Mbambu moja iko Bwera, mama yake anauza nyanya. Ile ingine, karani hajui kitu."

"Iliyo Bwera ni ipi?"

"Sasa hapo ndiyo sijui, Madamu. Nenda uone na macho."

Kasese hadi Bwera

Nilipata nafasi mbele kwenye lori la saruji. Kati yangu na dereva alikaa mama mmoja mfanyabiashara, Mama Kavira, anayekaa Kasindi ng'ambo ya mpaka, akirudi kwao na mabunda ya vitenge. Alikuwa mnene, mchangamfu, na kila tulipopita bonde alijishika kifua.

Kikorongo tulisimamishwa na askari. Siku hizi njia hiyo ina vizuizi vingi na watu hawaulizi kwa nini. Tukashushwa kwenye jua.

"Wewe mama! Kuja hapa. Natoka wapi?"

"Kenya, afande."

"Nafuata nini Bwera?"

Nikamwambia namtafuta mwanafunzi wangu. Akafungua begi, akatoa daftari, akaligeuza juu chini akitikisa kama kuna kitu kitadondoka. Kisha akaona wino mwekundu akaita wenzake. Walisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine: Huyu ni nani? Nje ya mada. Sifuri.

"Huyu alishindwa?" afande akauliza.

"Alishindwa."

"Na wewe nabeba sifuri yake kutoka Kenya mpaka hapa? Kwenda kumpiga?"

Wakacheka wote. Nilitaka kumjibu vibaya, ulimi ulishaanza, Mama Kavira akanivuta gauni. "Acha, mama. Bale batu banachoka tu na jua." Akamwambia afande kwamba mimi niko na mutoto nilipoteza, na kwamba mutu ya kupoteza mutoto habebeshwi maneno. Lilikuwa kosa, hakunielewa vizuri tangu mwanzo, lakini afande aliacha kucheka. Akalifunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili.

Tulikaa hapo saa mbili zaidi kwa sababu ya karatasi za saruji. Mama Kavira alinunua samaki wa kukaanga akanigawia upande wa kichwa, ambao ni heshima. Nilipojaribu kumsahihisha, kwamba sikupoteza mtoto wa kuzaa, alinitazama. "Mutoto ulimutuma, hakurudi. Sasa hiyo inaitwa nini?" Nikala samaki.

Bwera

Ilikuwa siku ya soko, watu wametapakaa hadi karibu na daraja la mpakani. Niliuliza wauza nyanya mmoja mmoja. Niliposema Mbambu, wanawake watatu waligeuka kwa pamoja. Wa nne, aliyekuwa ameinama akipanga nyanya kwenye beseni, mtoto mgongoni, hakugeuka. Aliinua macho akatazama nje, mbali, upande wa mlima. Nikamjua.

Sijui niliketi vipi. Najua niliketi juu ya kreti ya mtu, na mwenyewe akanigombeza, na nilikuwa nalia mbele ya soko zima nikimshukuru Mungu. Yu hai. Miaka mitano nimemzika mtoto huyu kila mvua inaponyesha, na yu hai, ana mkufu wa plastiki na mtoto mnene.

"Madamu?" akasema. "Madamu ya Kiingereza? Mama, kuja uone!"

Mama yake naye alikuja, mzima, mikono imejaa vumbi la soko. Nyumba yao ya kando ya mto ilikwenda na maji lakini wao walikuwa wameshapanda mlimani tangu usiku, maana walikuwa wanajua ile sauti ya mto. Ada ikakosekana, shule ikaishia hapo, wakahamia kwa mjomba. Walinipeleka nyumbani kwao nyuma ya soko wakanipikia bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, na sombe, kisamvu chenye mawese. Nilikula kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela.

Baada ya kula nikatoa daftari. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno niliyoyapanga tangu Malaba. Mbambu alifuta mikono, akasoma ukurasa wake taratibu. Akacheka kwa pua.

"Hii sifuri nilikuwa nimesahau, Madamu. Kabugho sikusahau."

"Nisamehe, mwanangu. Na ile barua pia. Niliwaita kwa ukali."

"Barua gani?" mama yake akauliza.

"Ya kukuita shuleni. Jumatano ile."

"Mimi sikupata barua."

Nikamweleza. Shuleni kwetu barua za wazazi zilikusanywa na karani, akazigawa kwa makanisa, na Jumapili ziliwekwa juu ya meza mlangoni mwa kanisa, kila mtu akachukua yake akitoka. Mama akasema barua za shule anazijua, na kwamba Jumapili ile aliipekua meza ile kwa mikono yake na hakuona yake. Mbambu alikuwa ameacha kumpapasa mtoto.

"Madamu, uliandika jina gani juu?"

"Mzazi wa Mbambu. Kidato cha tatu."

Aliweka daftari chini. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili cha polepole ili nisikose neno, kwamba mama yake Mbambu wa Mbele, wa Muhokya, alibebwa na maji Jumatano ile kwenye daraja dogo la kupandia shuleni, asubuhi, akiwa amevaa busuti, gauni lake refu la kanisani. Mbambu mwenyewe alikuwa bwenini, hakujua mama anakuja. Shule ilisema haikumwita mtu. Na tangu siku hiyo hakuna aliyejua mama yule alikuwa anakwenda wapi, amependeza hivyo, bila kumwambia mumewe.

"Watu walisema iko na mwanaume Kilembe," akasema mama yake. "Mume wake aliamini."

"Kwa nini hakumwambia mumewe kwamba ameitwa?" Nilisikia sauti yangu imepanda.

Mama akanitazama kwa huruma, nadhani ilikuwa huruma. "Madamu, shule ikiita mama ya musichana mukubwa, bila kusema sababu, sisi tunajua ni mimba. Mama anaenda kwanza yeye, anasikia, ndiyo anatafuta namna ya kuambia baba. Hata mimi ningeficha."

Nilimwomba Mbambu anisindikize Muhokya. Alikataa. Hakukasirika, alimfunga tu mtoto vizuri mgongoni. "Hii ni yako, Madamu. Mimi niko na soko."

Kurudi nyuma: Muhokya

Nilipita Muhokya nikienda, nimekaa mbele ya lori, nikapita pale pale bila kujua. Njiani kurudi nilikaa nyuma ya gari dogo la abiria nikijiambia naweza kupitiliza. Kasese ilikuwa mbele, basi la Kampala asubuhi, nani angejua. Mnaniona mkali darasani. Siku ile nilikuwa mwoga kiasi kwamba gari liliposimama, dereva alilazimika kuniita mara mbili.

Boma la Mzee Masereka, baba yake Mbambu wa Mbele, liko ndani kidogo ya barabara. Alikuwa amekaa kwenye turubai akipukuchua mahindi, mtu mrefu aliyejikunja. Msichana akatoka jikoni, akaniona, akasimama, kisha akapiga magoti kunisalimu kama walivyofundishwa. Mbambu wa Mbele. Wenzake wa umri wake wote wana nyumba zao. Kwake hakuna aliyeleta mbuzi wa mahari, nilielezwa baadaye, kwa sababu ya sifa ya mama.

"Madamu, karibu," akasema. Alifurahi kweli kuniona, na hilo liliniumiza kuliko yote.

Sikukubali chai. Nilisema nikiwa nimesimama, nikiogopa kwamba nikiketi sitasema. Nikasema ni mimi niliyeandika barua iliyomwita mkewe shuleni. Nikasema haikuwa yake, ilikuwa ya mama wa Mbambu mwingine, na nikaacha jina la ubatizo kwa hasira. Nikasema mkewe alikuwa anakuja kwangu, ofisini kwangu, saa tatu asubuhi.

Mzee hakuacha kupukuchua. "Huyo Mbambu ingine alifanya makosa gani?"

"Alijibu swali vibaya."

"Swali ya mutihani?"

"Ya zoezi tu."

Akaweka gunzi chini. Akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu, Mbambu amepiga magoti bado. Alirudi na kitambaa cha mkono kilichokunjwa. Mkewe aliokotwa siku ya pili, chini huko karibu na ziwa, na kitambaa hicho kilikuwa kimefungwa kifuani, ndani ya nguo. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyogeuka ugali. Hakuna herufi iliyosomeka. Kilichobaki ni doa jekundu, limeingia kitambaani.

"Nani anaandika barua na wino nyekundu?" akasema Mzee Masereka. "Nilisema ni mwanaume. Nilisema ni mapenzi."

Nikafungua daftari. Akaweka kitambaa juu ya ukurasa, karibu na sifuri, akatazama rangi mbili hizo. Moja ilikuwa imefifia lakini zilikuwa ndugu. Akakikunja kitambaa tena.

"Sikumuzika hapa," akasema. "Nilipeleka kwao Kitswamba. Nilisema, chukueni mutu yenu."

Hakunitukana. Nilisubiri anitukane. Aliniuliza kitu kimoja, kama niko tayari kusema maneno hayo tena mbele ya ndugu za mkewe. Nikasema niko tayari.

Kitswamba

Tulikwenda asubuhi yake, sisi watatu. Ndugu za marehemu walikuwa wanne, na mkubwa wao, Baluku, alituwekea mabenchi uani akabaki amesimama. Nilisema yote. Mzee Masereka akatafsiri kwa Lhukonzo, na mimi sikuelewa ila jina Mbambu, Mbambu, likirudi tena na tena, mpaka nikatamani lingekuwa jina la mtu mwingine yeyote. Alipofika mwisho aliendelea kusema kitu ambacho mimi sikuwa nimekisema. Mbambu akaninong'oneza kwamba baba anaomba kumrudisha mama Muhokya.

Baluku alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Hapana. Ulileta yeye hapa kama mutu ya wizi. Tulimulaza sisi. Sasa amezoea hapa."

Hakuna aliyebishana naye. Wanawake walileta bundu na maharage, kwa sababu mgeni ni mgeni, na tukala. Mzee Masereka hakugusa chakula. Alikuwa amekaa na kitambaa mkononi, na mtu mmoja wa wale ndugu, mdogo kabisa, akaja akaketi karibu naye. Hicho ndicho kitu pekee chema nilichokiona siku hiyo.

Mbambu alinipeleka kwenye kaburi. Liko kati ya mibuni, limejengewa saruji, huenda ilitoka kiwanda kile kile cha mume wangu. Nilisimama pale na sala zote zimenikimbia. Mbambu aling'oa majani mawili matatu yaliyoota pembeni.

"Madamu," akasema bila kuinuka, "lile swali lilikuwa linauliza nini?"

Nilitamani angeuliza kitu kingine chochote. "Liliuliza maji yana maana gani katika shairi."

"Na jibu lilikuwa nini?"

"Kutakaswa," nikasema. "Na uhai mpya."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, vile alivyokuwa akifanya kwenye kiti cha mbele nilipokuwa nasoma notisi. Akatupa majani pembeni, akajifuta udongo.

"Mimi niliandika hivyo hivyo, Madamu," akasema. "Ulinipa kumi na nane."